Kichuguu cha Mikate

Jirani yangu hapa Lubumbashi anachoma matofali. Alibomoa kichuguu kilichokuwa nyuma ya nyumba yake, akafyatua ule udongo, akaupanga kama nyumba isiyo na mlango, kisha akautia moto kwa chini. Juzi mvua ilinyesha ghafla juu ya tanuri lile likiwa bado linawaka. Harufu iliyopanda ukuta na kuingia dirishani ilinikuta nasahihisha kazi za wanafunzi. Niliweka kalamu chini nikasema kwa sauti: "Mikate imeiva." Mume wangu akaenda kuangalia jikoni. Hakukuwa na mkate. Kulikuwa na mwanamke wa makamo tu, mwenye shahada mbili na miwani ya kusomea, anayenusa mvua kama mbwa.

Sikuweza kumweleza, maana yeye alikulia mjini. Nitajaribu kuwaeleza nyinyi wa rika langu, mliokula mkate kabla haujaanza kufungiwa ndani ya mifuko ya nailoni.

Mkate wa utoto wangu ulitoka ndani ya kichuguu. Nilipata kulisema jambo hili katika karamu ya walimu wa chuo, na mwenzangu wa fasihi akatikisa kichwa kwa heshima, akasema ni sitiari yenye nguvu. Nikaendelea kula wali wangu. Haikuwa sitiari. Kilikuwa kichuguu cha mchwa, kirefu kupita paa la nyumba ya bibi yangu, kimesimama ukingoni mwa uwanja wake huko Kabambare, pale uwanja ulipokutana na barabara ya soko. Upande wake wa mbele kilikuwa kimechimbwa kinywa, na katika kinywa hicho ndimo mtaa mzima ulimopata mkate wake.

Nilifika huko kwa sababu ya mapacha. Mama alijifungua wawili kwa mpigo kule Kasongo, nyumba ikajaa nepi na wageni, nami nikaonekana nimezidi. Basi nikapakiwa juu ya lori la mpunga, nikafungwa kitenge kiunoni ili upepo usinichukue, nikapelekwa kwa Bibi kwa siku chache. Hizo siku chache zilikula misimu. Sikumbuki kulia. Nakumbuka vumbi jekundu kwenye kope zangu, na Bibi amesimama kando ya barabara, mwembamba, mikono nyuma, akinitazama kama mtu anayeletewa kitu ambacho hakukiagiza lakini akaona huenda kikamfaa.

"Muke mwenza," aliniambia, "shuka. Bwana wetu alikufa akatuachia kazi mingi."

Kwetu bibi humwita hivyo mjukuu wake wa kike, kwa utani, kwa kuwa mume wake ni mume wao wote wawili. Babu alifariki kabla sijazaliwa. Kwa hiyo nilikuwa mjane kabla meno yangu ya utoto hayajang'oka, na jambo hilo nililichukua kwa uzito wote. Nilifunga kitambaa kichwani. Nilijifunza kuguna nikikaa na kuguna nikiinuka. Wageni walipoulizia habari za nyumbani, nilijibu kwamba tunavumilia.

Nikisikia watu wakisema kwetu hakuna viwanda, nakumbuka barabara ile ya soko. Asubuhi ilianza na cherehani ya Fundi Ramazani barazani kwake, mlio wake kama kuku anayedonoa bati. Mbele kidogo kulikuwa na mtengeneza baisikeli aliyetuita watoto kila alipozamisha mpira kwenye beseni la maji, ili sisi ndio tuyaone mapovu kwanza na kumwonyesha tundu liko wapi. Kulikuwa na mama wa mawese, ambaye baada ya kukumiminia aliinua upawa wake juu kabisa na kusubiri, pamoja na wewe, mpaka ule uzi mwembamba mwekundu ukatike wenyewe. Hakuna aliyekuwa na haraka kuliko ule uzi. Mwanga wa asubuhi ulipita ndani yake na kuufanya uonekane kama kitu cha kuvaa shingoni.

Mimi niliamini kwamba kila kazi ina mtu aliyejificha ndani yake. Ndani ya cherehani mlikuwa na mtu mdogo anayekimbia, na Fundi Ramazani alikuwa akimhimiza kwa miguu. Ndani ya mpira wa baisikeli mlikuwa na mtu aliyechoka kushikilia pumzi. Mambo hayo hayakuhitaji maelezo; yalionekana. Na ndani ya kichuguu waliishi wale waliooka mikate.

Hili nalo nililipata kwa ushahidi, kama msomi. Siku za kwanza nilimuuliza Bibi ndani ya kichuguu mnakaa nani. Alikuwa akichambua majani ya sombe, akajibu bila kuinua macho: "Malkia na watoto wake. Hawalali wale. Ni kazi tu, kazi tu." Baadaye nikakaa mbele ya kichuguu na kumtazama Baba Amisi, mwoka mikate. Alitia kuni ndani ya kile kinywa, zikawaka mpaka kuta zikawa nyeupe kwa joto. Akakokota makaa nje, akafagia ndani kwa majani mabichi ya mgomba, mvuke ukamfunika mpaka kichwa kisionekane. Akaingiza makopo ya unga uliokandwa, mweupe, laini, kama kitu kisichojua lolote. Akafunika kwa bati, akaziba kingo zote kwa tope. Kisha akakaa kwenye kigogo akanywa chai. Alipobandua bati, mikate ilikuwa ya kahawia, imevimba, inanukia. Sasa niambieni, nani aliyefanya kazi hapo? Si yeye, yeye alikuwa anakunywa chai. Na ukiumega mkate ule, ndani yake umejaa vyumba na njia na vishimo, sawasawa na pande la kichuguu likivunjika. Nilikuwa naumega polepole, nikivipulizia vile vyumba kwanza, kama kuna mtu ameachwa humo atoke.

Baba Amisi alikuwa mtu mfupi mwenye nyusi zisizoota vizuri kwa sababu ya moto. Aliniita Mujane. "Mujane, leo nakupa ya maganda magumu ao ya laini?" Nilimjibu kwa huruma kidogo, kwa kuwa niliona kwamba ni bawabu tu, na watu wanampa sifa za wengine.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo watu wa Kabambare hawaoni haja ya kulieleza. Kichuguu kina mwenyewe. Kinarithiwa kama shamba, na hata uwanja unaokizunguka ukipewa mtu mwingine, chenyewe kinabaki cha yule yule. Msimu wa mvua kumbikumbi wanapokuwa tayari kuruka, hakuna moto unaoruhusiwa karibu. Mwenye kichuguu husimama mbele yake na kuita watu kwa majina. Aliyeitwa huja na beseni lake kukusanya. Asiyeitwa hubaki barabarani akijifanya anapita. Hakuna ugomvi, hakuna kelele, lakini kila mtu anasikia, na aliyeitwa anajua kwamba yeye ni mtu wa nyumba ile. Kuna watu waliokula pamoja miaka mingi wakagundua siku ya kumbikumbi kwamba walikuwa wageni tu.

Kichuguu kile Bibi alipewa na baba yake, akampita mdogo wake wa kiume, Musafiri, ambaye kwa desturi ndiye angestahili. Sababu hakuitoa, alimwita binti yake, akaweka mkono wake juu ya udongo, basi. Mzee akafa, na baada ya misimu michache kichuguu kikanyamaza. Hakikutoa bawa hata moja. Babu Musafiri hakuumeza ulimi. "Yaya," alimwambia dada yake mbele ya watu, "kichuguu kimekukataa. Hakijui mikono ya mwanamuke." Bibi hakujibu. Alikuwa na namna yake ya kutojibu iliyofanya watu wainuke waende zao.

Ndipo Baba Amisi alipokuja kutoka Kasongo, na makopo yake yakigongana nyuma ya baisikeli, na kuku chini ya kwapa. Kisa hiki kilisimuliwa mara nyingi, hata nikakijua kama nilikuwepo.

"Mama Feza, miye ni mutu wa mikate. Kile kichuguu iko na mwenyewe?"

"Iko. Mwenyewe ni miye."

"Iko na uzima?"

"Ilikufa. Chimba."

Alikubali haraka hivyo, bila hata kumtazama kuku, mpaka Baba Amisi akaogopa kwamba pengine kuna uchawi. Lakini alichimba, na toka siku hiyo kila asubuhi mkate wa kwanza kutoka ulikuwa wa Bibi. Aliupokea, akanipa mimi ule wa moto moto, yeye akala kipande cha mwisho, kilichopoa, akiangalia upande mwingine.

Msimu wa mvua nilioukuta mimi kwa Bibi ulianza vizuri. Asubuhi moja Bibi alikwenda kufagia nyuma ya kichuguu, nikasikia ufagio umesimama. Haukuendelea. Nilipomfuata nilimkuta amepiga magoti kwenye tope, akiwa na kitenge chake kizuri. Mbele yake, chini kabisa, kulikuwa na udongo mpya, umelowa, mwekundu kama ulimi, umejengwa usiku ule ule. Na juu yake mchwa walikuwa wanakwenda na kurudi kama watu wa sokoni.

"Wamerudi," alisema. Hakuniambia mimi. "Baba, wamerudi."

Sikuwahi kumwona mtu mzima akiwa na uso ule. Kwangu haikuwa habari. Mimi nilijua muda wote kwamba wako ndani wanaoka mikate. Nilidhani wametoka kupunga upepo. Lakini Bibi aliinuka, akaenda moja kwa moja upande wa mbele, na tope magotini, akamkuta Baba Amisi anaongeza kuni kwenye moto.

"Baba Amisi, zima moto."

"Mama?"

"Kichuguu imeamuka. Zima. Mpaka waruke."

Baba Amisi alikwenda nyuma, akatazama, akarudi. Alijua desturi kama mtu yeyote. Alikaa kwenye kigogo chake akiwa hana kikombe cha chai mkononi, na kwa mara ya kwanza sikumwona kama bawabu. "Mama Feza," alisema taratibu, "miye sina shamba hapa. Unga wote nimekwisha kuununua, uko mu nyumba, na hii mvua unaiona? Ukikaa utaoza. Bamama ba soko wataanza kuchukua mikate ya kutoka Kasongo, ile ya kulala njiani, na wakizoea, wamezoea. Mutoto Amisi iko anaanza masomo. Tutakula nini?"

"Nimesikia," alisema Bibi.

"Haya." Akamwaga maji juu ya makaa. Yalilia kwa muda mrefu.

Nimeishi sehemu kadhaa ambako umeme hukatika, maji hukatika, mishahara hukatika. Sijaona mtaa ukipwaya kama ule ulivyopwaya bila ile harufu. Ilionekana kama mtu amehama. Fundi Ramazani alikuja kulalamika kwamba wanafunzi wake wanachelewa, kwa sababu walikuwa wanaamshwa na mikate, si na jogoo. Mwalimu mmoja alipita na kikombe chake cha chai mkononi, akasimama mbele ya kile kinywa baridi, akatazama ndani kama mtu aliyefika kwa mgonjwa akakuta kitanda kitupu. Mama Amisi aliendelea kumsalimia Bibi, lakini salamu zake zilifupishwa pande zote mbili, zikabaki na shina tu. Bibi alisikia yote. Alikuwa na haki, kila mtu alijua ana haki, na mtu mwenye haki huwa mpweke sana ikifika saa ya chai.

Kila asubuhi alikwenda kuangalia ule udongo. Siku za kwanza alirudi akitembea kama msichana. Halafu siku moja alirudi polepole. Udongo ulikuwa umekauka juu. Kesho yake ukawa umepasuka. Wale mchwa waliokuwa wanakwenda na kurudi hawakuonekana tena, na ukigusa kile kinundu kipya kilimeguka kama biskuti ya zamani. Mvua ilikuwa inanyesha kama kawaida. Hakuna mtu aliyekuwa amekigusa.

Babu Musafiri alipata habari, sijui kwa njia gani, akaja na fimbo yake, akaizunguka ile ajali kwa utulivu wa mtu aliyeletewa zawadi. Baba Amisi naye alikuwepo. Alikuja kila siku, akakaa kwenye kigogo mbele ya tanuri lake lililozimwa, maana hakujua pengine pa kukaa.

"Yaya," alisema Babu Musafiri, "unaona sasa? Mara ya pili hii. Mara ya kwanza watu walisema ni bahati mubaya."

"Musafiri, umekula?" Bibi aliuliza.

"Sijala."

"Basi nenda ukakule kwako."

Lakini sauti yake haikuwa na nguvu. Alikuwa ameegemea ukuta wa nyumba, na mikono yake, ambayo daima ilikaa nyuma, ilikuwa mbele, imeshikana. Hapo ndipo niliona kwamba anaogopa, nami nikaogopa kwa sababu yake. Nilitaka kumsaidia. Jibu lilikuwa wazi mno, nikashangaa watu wazima wanne kuzunguka hapo bila kuliona, maana Mama Amisi naye alikuwa amefika na mtoto mgongoni.

"Bibi," nilisema, "watafanyaje kazi? Mumewazimia moto."

"Nani?"

"Malkia na watoto wake. Wataokaje mikate bila moto?"

Babu Musafiri alinitazama, kisha akatazama wengine apate tafsiri. Ikabidi nieleze. Nikaeleza yote: unga mweupe unaingia, bati linazibwa, wao wanafanya kazi, mkate unatoka ukiwa na vyumba vyao ndani. Na kwamba Baba Amisi ni mtu mzuri lakini kazi yake ni mlango tu.

Baba Amisi alianza kucheka bila sauti. Mabega yalitikisika kwanza. Kisha akainama, akashika magoti, na machozi yakamtoka kwenye yale macho yasiyo na nyusi. "Mama Amisi! Unasikia? Miaka yote hii miye ni sentineli tu! Sentineli wa mchwa!"

"Na mushahara wa sentineli tunauona," mke wake alisema, na yeye akacheka, kwa mara ya kwanza toka moto uzimwe.

Bibi peke yake hakucheka. Alikuwa ananitazama mimi, halafu hakunitazama tena. Alitazama kupita kwangu. Akaenda kwenye kichuguu. Akaweka kiganja chake kwenye mdomo wa tanuri, akaanza kutembea kukizunguka, mkono ukiburuzika juu ya udongo, ubavuni, nyuma, mpaka mahali pa kile kinundu kilichokauka. Akasimama hapo. Alipozungumza alizungumza na udongo.

"Walikuja moto ukiwaka," alisema. "Baba Amisi, miaka hii yote ulikuwa unawasha. Hawakuja siku tulipozima. Walikuja ukiwaka."

"Ni kweli, Mama."

"Washa."

Kicheko kiliisha. Baba Amisi aliinuka, akajifuta uso. "Hapana, Mama."

Hakuna aliyetegemea. Hata Babu Musafiri aliinua kichwa.

"Nataka kuwasha kuliko mutu yeyote hapa," alisema Baba Amisi. "Unga wangu umeanza kushikana mabonge. Lakini nikiwasha, na wale wakufe, itasemwa ni mutu wa Kasongo aliua kichuguu cha baba yako. Watoto wangu watakaa na hilo jina. Siwezi."

"Na desturi?" alisema Babu Musafiri. "Yaya, hakuna mutu aliyewasha moto mu kichuguu kilichoamuka. Tangu babu zetu."

"Ni kweli," alisema Bibi. "Hakuna."

Akaingia jikoni kwake. Alitoka na kaa la moto juu ya kigae, analipulizia taratibu, kama vile asubuhi mwanamke anapotoka kuomba moto kwa jirani, ila yeye alikuwa anaupeleka. Alipiga magoti mbele ya kile kinywa na akawasha zile kuni mwenyewe. Zilikuwa zimelowa, moshi ukamrudia usoni, akakohoa, akapuliza tena. Hakuna aliyemsaidia, hakuna aliyethubutu. Moto uliposhika aliinuka akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ni miye niliwasha. Mumeona wote. Baba Amisi, leta unga wako."

Nimekwisha kumuuliza mwenzangu wa biolojia. Alisema huenda ni mvua, huenda ni udongo wenyewe, huenda kundi jipya lilianza kukaa upande ambao joto halifiki na halikujali lolote. Na kwamba ushahidi wa bibi mmoja na mtoto mmoja hautoshi. Ninakubaliana naye. Mimi mwenyewe huwarudishia wanafunzi kazi kwa kosa kama hilo. Ninachoweza kusema ni kwamba mtaa ulinukia tena, na kwamba Bibi aliupokea mkate wa kwanza akauweka mezani, na hakuula, na mimi nikaona aibu kuumega.

Zilifuata siku ambazo katika kumbukumbu yangu hazina kingo. Mvua, jua, mvuke ukipanda kutoka barabarani, cherehani ya Fundi Ramazani, harufu ya mikate ikiingia ndani ya usingizi wangu na kubadilisha ndoto zikawa na rangi ya kahawia. Bibi alikwenda nyuma ya kichuguu kila alfajiri na kurudi na uso uliofungwa. Alituma habari kwa binti zake, mama yangu Kasongo na mama mdogo Wamaza, kwamba waje, halafu mto ukafurika na barabara ikakatika, hakuna aliyeweza kuja. Nilimsikia akiongea peke yake akiosha vyombo: kwamba hata wakiruka, ataita nani. Niliposimama mlangoni nikasema nipo mimi, alinijibu, "Uko, muke mwenza. Beseni moja."

Kisha asubuhi moja aliporudi kutoka nyuma ya kichuguu nilimwona ameukunja mkono. Akaufungua mbele yangu. Ndani mlikuwa na kipande cha udongo, kimelowa, kizito, kipya. Tulikitazama mpaka kikaanza kukauka kwa joto la kiganja chake.

Waliruka alasiri, mvua ilipoacha ghafla na jua likatoka chini ya mawingu, njano, likaangaza kila jani kutoka upande. Kwanza ilikuwa kama moshi mwepesi ukitoka ardhini nyuma ya kichuguu. Halafu moshi ule ukawa na mabawa. Walipanda kwa maelfu, polepole, kila bawa limeshika tone la jua, na hewa yote ya uwanja ikawa inanong'ona. Nilisimama nikaacha mdomo wazi, na mmoja akaingia, nikamla akiwa hai. Alikuwa na ladha ya siagi na mvua.

Barabara ilijaa. Watu walitoka sokoni, barazani, nyumbani, na mabeseni yao kiunoni, wakasimama kwenye ukingo wa uwanja, wanaangalia mawingu, wanaangalia viatu, wanapita bila kupita. Babu Musafiri alikuwa kati yao. Alikuwa ameficha beseni lake nyuma ya mgongo, lakini lilikuwa kubwa kuliko mgongo.

Bibi alisimama mbele ya kichuguu. Aliita jina langu, nikakimbia na beseni letu. Aliita jina la mama yangu, ambaye hakuwepo, ili lisikike. Aliita la mama mdogo. Kisha akakaa kimya, na watu wakadhani amemaliza.

"Musafiri!" aliita. "Leta hiyo karai yako. Unadanganya nani?"

Watu walicheka, na Babu Musafiri akaja haraka kuliko fimbo yake, kichwa chini, akapita mbele ya dada yake, na nilimwona Bibi akimgusa begani kidogo tu, kama anamtoa uzi kwenye shati.

"Mama Amisi! Na watoto!"

Mama Amisi, aliyekuwa barabarani pamoja na wengine, hakusogea. Alitazama kushoto na kulia, kana kwamba kuna Mama Amisi mwingine. Jirani akamsukuma.

"Baba Amisi!"

Upande wa mbele Baba Amisi alikuwa ameziba bati muda mfupi tu uliopita. Kesho ilikuwa siku ya soko, na ndani mlikuwa na mikate ya unga wake wote uliobaki, ule aliokuwa ameupepeta mara kwa mara kuuokoa na mabonge. Alitoa kichwa ubavuni mwa kichuguu. Uso wake ulikuwa umejaa mabawa.

"Mama, mikate iko ndani!"

"Nimekuita," alisema Bibi.

Alitazama bati lake lililozibwa. Alimtazama Bibi. Barabara yote ilikuwa ikimsubiri mtu wa Kasongo. Kisha alichukua ile ndoo ya maji ya kulowesha majani, akaimwaga chini, akaja nayo ikiwa tupu, akapiga magoti kwenye tope kati ya Babu Musafiri na mimi, akaanza kukusanya kwa mikono yote miwili. Nyuma yetu harufu ya mikate iliiva, ikapita kuiva, ikaanza kuwa chungu, na moshi mweusi ukachungulia kwenye kingo za bati. Fundi Ramazani alipiga kelele kutoka barabarani kwamba inaungua. Watoto walipiga kelele. Baba Amisi aliendelea kukusanya, nywele zake zimejaa mabawa yanayong'aa, na hakugeuka.